Rimu kubwa kwenye gari la zamani: Vipimo kwanza, urembo baadaye

KATIKA miji mingi ya Afrika Mashariki si ajabu kuona gari la miaka ya 1960 au 1970 likipita barabarani huku limevalishwa rimu pana zinazong'aa na matairi membamba ya ubavu. Kwa wenye magari hayo, badiliko hilo ndilo njia ya haraka ya kulipa gari kuukuu sura mpya.

Hata hivyo, gurudumu si pambo tu. Ndilo linalobeba uzito wa gari, kupokea nguvu ya breki, kufuata amri ya usukani na, kwa baadhi ya magari, kuendesha mita ya mwendo. Anayebadili ukubwa wake anagusa yote hayo kwa mara moja, na kosa la milimita chache huweza kuonekana siku ambayo gari limejaa abiria na linashuka mlima.

Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, lile gari lenye mgongo wa duara kama kobe. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na hadi uzalishaji wake ulipofungwa nchini Meksiko mwezi Julai 2003 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya magari milioni 21. Kwa kuwa bado yapo mengi, ni miongoni mwa magari ya zamani yanayobadilishwa rimu mara nyingi.

Kusoma namba za tairi

Tairi la Beetle linalotumika sana leo huandikwa 165/80R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Asilimia 80 ya 165 ni milimita 132. Ukichukua ubavu wa juu na wa chini, kisha ukaongeza inchi 15 za rimu, ambazo ni milimita 381, kipenyo cha gurudumu zima kinakuwa milimita 645. Namba hiyo ndiyo ya kulindwa.

Kanuni ya msingi ni kwamba rimu ikikua, ubavu wa tairi lazima upungue, ili kipenyo cha jumla kibaki karibu na kile cha awali. Mafundi wengi huchukulia tofauti ya asilimia 3 kuwa ndiyo mwisho.

Kwa mfano, tairi la 195/60R16 lina kipenyo cha milimita 640. Tofauti yake na la asili ni milimita 5 tu, yaani chini ya asilimia 1. Na rimu ya inchi 16 si ngeni kwa gari hilo, kwani Beetle za mwanzo zilitoka kiwandani na rimu za ukubwa huo hadi mwaka 1952.

Kinyume chake, tairi la 225/60R17 lina kipenyo cha milimita 702, ambalo ni ongezeko la karibu asilimia 9. Mita ikisoma kilometa 80 kwa saa, gari litakuwa likikimbia kilometa 87. Kwenye Beetle waya wa mita huendeshwa na gurudumu la mbele la kushoto, hivyo dereva aliyebadili magurudumu ya mbele ndiye anayedanganywa na mita yake.

Aidha, injini nyingi za Beetle zina nguvu za farasi kati ya 34 na 50. Gurudumu kubwa na zito huifanya injini hiyo ndogo ihangaike kupanda mlima, na breki zake za ngoma hufanya kazi zaidi kulisimamisha gari.

Matundu na bolti

Baada ya kipenyo, jambo la pili ni matundu ya bolti. Beetle za zamani zina matundu 5 yaliyopangwa katika duara la milimita 205. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, matoleo mengi yalihamia matundu 4 katika duara la milimita 130.

Rimu nyingi za magari ya Kijapani yaliyojaa katika miji yetu zina matundu 4 katika duara la milimita 100, au 5 katika duara la milimita 114.3. Haziingii kwenye Beetle. Hata rimu za Porsche 911, ambazo duara lake ni milimita 130, zina matundu 5, si 4.

Wapo wanaotoboa matundu mapya kwenye rimu, au kuyapanua yaliyopo ili yafanane. Njia hiyo ni ya hatari, kwa sababu chuma kilichobaki kati ya tundu na tundu huwa chembamba na huweza kupasuka. Lililo salama ni kutafuta rimu iliyotengenezwa kwa matundu ya gari husika.

Hali kadhalika, kichwa cha bolti lazima kikae sawasawa kwenye tundu lake. Zipo bolti zenye kitako cha mviringo na zenye kitako cha koni. Bolti ya koni ikifungwa kwenye tundu la mviringo hugusa sehemu ndogo tu, hulegea safarini, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Nafasi ndani ya madigadi

Rimu nyingi huwa na alama ya herufi ET ikifuatiwa na namba. Hiyo ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na sehemu inayogusana na habu. Namba ikiwa ndogo, gurudumu husogea nje. Ikiwa kubwa, huingia ndani.

Rimu ya asili ya Beetle ina upana wa inchi 4 au 4.5. Anayefunga rimu ya inchi 6 badala ya 4.5, bila kubadili ET, anaongeza milimita 19 kila upande. Zile za nje huweza kukwaruza madigadi, na zile za ndani huweza kugusa mfumo wa springi. Gurudumu likitokeza sana nje, beringi nazo huchakaa mapema.

Kwa hiyo ni vyema kufunga rimu moja kwanza kabla ya kununua zote. Usukani uzungushwe hadi mwisho wa kila upande, kisha gari lipakiwe abiria na kukaguliwa tena. Beetle nyingi zina ekseli za nyuma zinazobembea, ambapo gurudumu hubadili mwinamo kila linapopanda na kushuka. Nafasi inayotosha gari likiwa tupu inaweza isitoshe likiwa limejaa.

Umri wa tairi

Matairi ya mtumba yana mvuto wa bei, lakini yana tarehe. Tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Alama ya 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka huweza kupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Rimu za zamani pia zilitengenezwa kwa matairi ya tyubu, na nyingi hazina ile nundu ya ndani inayolishika tairi lisilo na tyubu lisitoke ukingoni. Kabla ya kuacha tyubu, fundi aikague rimu.

Mara kazi inapokamilika, gari lipimwe alaimenti, na bolti zikazwe upya baada ya kilometa 50 hadi 100. Tairi la akiba nalo lisisahauliwe: liingie mahali pake chini ya boneti ya mbele, na bolti zilizopo ziweze kulifunga.

Rimu za asili zisiuzwe

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, huyahesabu kuwa ya kihistoria magari yenye umri wa miaka 30 au zaidi ambayo yametunzwa katika hali yake sahihi. Mkataba wa Turin ulioidhinishwa na shirikisho hilo mwaka 2012 unashauri kwamba mabadiliko yawe ya namna inayoweza kurudishwa nyuma, na vipuri vya asili vihifadhiwe.

Rimu zinazofungwa kwa bolti ni badiliko la namna hiyo, mradi madigadi hayakukatwa. Mwenye gari anayezihifadhi zile za kiwandani mahali pakavu anabaki na uhuru wa kurudi nyuma, na mnunuzi wa kesho atalikuta gari likiwa kamili.