Kamba ya kivuko: ibadilishe mbele ya ile ya zamani kukatika

Mvua ikirudi, mito ya huku kwetu, kati ya Masisi na Walikale, inaweza kujaa kwa usiku mmoja. Penye hakuna daraja, watu wanavuka na mtumbwi, na mahali pengi mvushaji hategemei kasia peke yake. Anashika kamba iliyofungwa toka mti wa ng'ambo hii mpaka mti wa ng'ambo ile, anavuta mkono kwa mkono. Kamba hiyo inabeba watoto wa masomo, wamama wenye mihogo na mafuta ya mawese, ao mgonjwa anayepelekwa kwenye kituo cha afya. Lakini siku ya kuinunua tunauliza jambo moja tu: bei gani?

Kwenye soko na kwenye kenkayeri utakuta aina nne. Ya kwanza ni ya mkonge. Inashika vizuri mkononi na haitelezi, ila ikikaa kwenye maji inaoza, na inaoza toka ndani. Kwa kufunga mbuzi ni sawa. Kwa kivuko, hapana.

Ya pili ni ile ya plastiki ya bluu, ya kijani ao ya machungwa, yenye mafundi wanaita polipropileni. Ndiyo nyepesi, ndiyo ya bei ndogo, na inaelea. Adui yake ni jua. Ukiipitisha mkononi na unga mkavu unabaki kwenye vidole, jua limekwisha kuila, hata kama rangi bado ni nzuri.

Ya tatu, nailoni, ina nguvu kushinda hizo mbili, lakini inanyooka sana, na ikilowa nguvu yake inapungua kidogo. Kunyooka huko ni kuzuri kwa kufunga mtumbwi ukingoni, juu kamba inameza mshtuko wa maji. Katikati ya mto ni hatari: nailoni iliyovutwa sana ikikatika, inarudi kama fimbo. Usisimame kamwe kwenye mstari wa kamba iliyokazwa.

Ya nne ni poliesta. Hainyooki sana, inavumilia jua kuliko zote hizo, na ikilowa nguvu yake inabaki. Bei ndiyo inatisha. Ukiipata, na kama kijiji kinaweza kuchanga, nunua hiyo.

Namna ya kuzijua? Omba kipande kidogo, ukitie kwenye ndoo ya maji. Polipropileni itaelea, nailoni na poliesta zitazama. Kisha shika hizo mbili zinazozama na uzivute: ile inayonyooka sana ni nailoni. Muuzaji akikataa kukupa kipande, wewe pia kataa kutoa pesa.

Tuje sasa kwenye jambo linaloangusha watu wengi, nalo ni kukaza. Tunapenda kamba inyooke kama uzi wa gitaa, tunaona ndiyo kazi nzuri. Hesabu inasema kinyume. Chukua mto wa mita 40. Maji yanasukuma mtumbwi katikati kwa nguvu ya kilo 100, na si nyingi. Kama kamba inapinda mita 4 pale katikati, kila mti unavutwa karibu kilo 255. Kama umeikaza mpaka inapinda mita 1 tu, kila mti unavutwa karibu kilo 1.000. Ni mto uleule na mtumbwi uleule.

Kamba ya polipropileni ya milimita 12, ikiwa mpya kabisa, inakatika karibu na tani 2. Lakini fundo linaweza kuiba nusu ya nguvu hiyo, juu nyuzi zinajikunja na kubanana palepale. Sasa unabaki na tani 1, yaani ileile kilo 1.000 ya kamba iliyokazwa. Jua halijaila bado, na hakuna gogo lililokuja na maji. Kwa kamba yenye kubeba watu, wenye kazi hiyo wanahesabu sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake. Kwa hiyo acha kamba ipinde, na nunua nene kuliko unavyofikiri inatosha. Nene inasaidia pia mikono: kamba nyembamba inakata viganja vya mvushaji.

Mahali pa fundo, kama kuna mtu anayejua kusokota jicho, yaani kurudisha nyuzi za mwisho ndani ya kamba yenyewe, mwite. Jicho lililosokotwa vizuri linapunguza nguvu kidogo tu. Na pale kamba inaposugua mti, zungusha kwanza mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki.

Wenzetu wa pwani, Lamu ao Zanzibar, wanajua shida hii kwa njia nyingine. Jahazi lina kamba nene inayoitwa henza, inayopandisha foromali na tanga lake mpaka juu ya mlingoti. Henza ikikatika baharini, tanga lote linaanguka juu ya watu. Mabaharia wana mazoea mawili yanayotufaa sisi wa mito. La kwanza: kamba ya kupandisha tanga inanunuliwa ndefu kidogo. Inasuguliwa kila siku mahali pamoja, pale inapopita juu ya mlingoti, basi baada ya muda wanakata mwisho kidogo, na msuguano unahamia mahali pazima. Nasi tununue mita 4 ao 5 za ziada, tuwe tunaisogeza.

La pili ndilo lilinifanya niandike haya. Baharia habadilishi kamba kwa kupanda mlingoti kama anaweza kuepuka. Anaunganisha kamba mpya kwenye mwisho wa ile ya zamani, anavuta, na ya zamani inapitisha mpya. Kwenye mto ni vilevile: funga mpya kwenye mwisho wa zamani, ng'ambo ya pili wavute polepole. Hakuna anayeingia majini. Lakini ile ya zamani inafaa iwe bado inaweza kuvuta. Ukingoja ikatike, kijana mmoja ataombwa aogelee na mwisho wa kamba mdomoni, mara nyingi wakati mto umejaa, juu ndio wakati kamba inakatika.

Wazee wa Kinyanga wanaosimulia hadisi ya Mwindo wanakumbuka kamba: Mwindo alipoteremka chini ya ardhi, shangazi yake Iyangura alibaki ameshika mwisho wake, na kamba ikitulia angejua mtoto amekufa. Kwetu kamba haisemi hivyo. Inafaa uifungue uiangalie. Kila mwezi, zungusha nyuzi zake kinyume mpaka ndani ionekane. Ukiona mchanga ama unga, nyuzi zilizokatika, ao sehemu ngumu yenye kung'aa kama iliyeyuka, hesabu siku. Mbele ya majira ya mvua, fanya kazi hiyo hata kama jana uliifanya.

Mvushaji asijifunge kamba kiunoni, mtumbwi ukipinduka itamshikilia chini ya maji. Na magogo yakianza kushuka na mto, kivuko kifungwe, hata kama kamba ni mpya.

Kamba iliyotolewa usiiache ukingoni, mtu ataichukua arudishe kwenye kivuko kingine. Ikate vipande vya mita 2: itafunga kuni na mbuzi.