PHP na kumbukumbu ya kikapu cha mtandaoni

HTTP, itifaki inayosafirisha kurasa za intaneti, haina kumbukumbu. Aliyechagua viatu kwenye ukurasa wa kwanza ni mgeni kabisa kwa seva anapoandika anwani yake kwenye ukurasa wa pili. Mwaka 1994, Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, data ndogo ambayo kivinjari huhifadhi na kuirudisha kwa seva, ili kikapu cha mnunuzi kisipotee.

PHP, lugha ya Rasmus Lerdorf ya kuandikia programu za seva, iliyotimiza miaka 30 tarehe 8 Juni 2025, ilikaa karibu miaka mitano bila sesheni zake yenyewe. Waliojenga maduka walificha bei ndani ya fomu na kuipitisha ukurasa hadi ukurasa. Mnunuzi mjanja aliweza kuipunguza kabla ya kulipa. PHP 4, Mei 2000, ilileta sesheni: kivinjari hubeba utambulisho tu, thamani za vigeu hubaki kwenye seva.

Mzozo mkubwa ulihusu register_globals. Mpangilio huo uligeuza chochote kilichoandikwa kwenye anwani ya ukurasa, fomu au kuki kuwa kigeu cha programu. Wanaoanza waliupenda kwa wepesi wake. Lakini programu isipokipa kigeu thamani ya kuanzia, mgeni aliweza kukijaza mwenyewe, hata kile kinachosema malipo yamekamilika. PHP 4.2.0, Aprili 2002, iliuzima, na programu nyingi za zamani zikakwama hadi wenyewe wakauwasha tena. Uliondolewa kabisa Machi 2012, katika PHP 5.4. Miaka kumi ilikuwa mingi mno kwa hatari iliyojulikana.

Pesa za simu zimebadilisha hatua ya mwisho, yaani malipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kupitia Vodacom mwaka 2012. Kwenye Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya, mteja huweka PIN kwenye simu, kisha jibu la malipo hutoka kwenye seva ya Safaricom, si kwenye kivinjari chake. Jibu hilo halina kuki ya mteja, hivyo $_SESSION yake, yaani data ya sesheni yake, haifikiki. Kwa hiyo oda huandikwa kwenye hifadhidata pamoja na CheckoutRequestID, namba ya ombi la malipo ambayo hurudi na jibu. Inasikitisha kwamba masomo mengi ya PHP bado huishia kwenye session_start(), amri ya kuanzisha sesheni: pesa za mteja hukatwa, na duka halijui ni za oda ipi.

Wanunuzi wa Lubumbashi, huko Kongo, hulipa kwa faranga na kwa dola pia. Huko sarafu na kiwango cha kubadilishia huingia kwenye rekodi hiyo hiyo ya oda, kabla mteja hajaombwa PIN.