Wavu wa Nyangumi na Mishipa Iliyokanushwa

Mwaka 1680 daktari Mwingereza, Edward Tyson, alichapisha jijini London kitabu kuhusu mnyama wa jamii ya pomboo aliyempasua. Kandokando ya uti wa mgongo, ndani ya kifua, alikuta wavu mnene wa vimishipa vya damu vilivyosokotana. Aliueleza alivyouona. Kazi ya wavu huo ikabaki fumbo.

Mwaka 1787 mwanaanatomia Paolo Mascagni wa Siena, Italia, alichapisha michoro ya mishipa ya limfu ya binadamu. Mishipa hiyo ni mifereji ya mwili: hukusanya maji na taka za tishu, kisha huvirudisha kwenye damu. Mascagni alidai kuiona hata katika utando unaofunika ubongo. Hakusadikiwa. Vizazi kwa vizazi vya madaktari vikafundishwa kwamba ubongo hauna mifereji ya aina hiyo.

Mimi ni mwalimu wa historia, si wa tiba, na kinachonishughulisha ni lile neno “hauna”. Aliyesema “nimeona” alidaiwa ushahidi. Aliyesema “hakuna” alitosheka na kurejelea kitabu.

Mwaka 2012 kundi la Maiken Nedergaard, nchini Marekani, lilionyesha katika panya kwamba ugiligili wa ubongo hupita kandokando ya mishipa ya damu na kuondoa taka, ikiwemo protini inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2015 makundi mawili, la Virginia na la Helsinki, yakathibitisha kuwa mishipa ya limfu imo katika utando wa ubongo. Mascagni alikuwa sahihi, miaka 228 kabla.

Zamu ya Tyson ilifika mwaka 2022. Nyangumi akiwa mbizini, kila pigo la mkia husukuma damu kwa kishindo kuelekea kichwani, naye hawezi kupunguza shinikizo hilo kwa kutoa pumzi, kama afanyavyo farasi akimbiapo. Watafiti wa Vancouver walikokotoa kwa kompyuta wakapendekeza kwamba wavu ule huupitisha mshindo kutoka ateri hadi vena, hata shinikizo likalingana pande zote mbili na ubongo ukasalimika. Miaka 342 ilikuwa imepita.

Nafuu ya Tyson ni kwamba hakuna aliyemkanusha: fumbo lake lilisubiri vipimo na mashine. Cha Mascagni kilinyamazishwa na mazoea, huku wagonjwa wakiendelea kuugua. Basi, ndugu msomaji, tunapomsahihisha mwanafunzi kwa kumwambia kwamba jambo aliloliona halimo kitabuni, tusiishie hapo. Tumwombe atuonyeshe, kisha nasi tuiname tutazame. Kitabu nacho kiliandikwa na mtu aliyetazama, au aliyeacha kutazama.