Uko digrii ya kwanza na unataka kutafiti tabia za wanyama? Soma hapa

Swali hili wanachuo wananiuliza sana: "Niko mwaka wa pili tu, nitaingiaje kwenye utafiti wa wanyama? Si kazi ya madokta?" Jibu langu ni hapana.

Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 hana digrii hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi wa digrii ya kwanza wa Stanford, Marekani, walikuwa wanakuja Gombe kuandika maisha ya sokwe. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika wakateka vijana wanne, ambao baadaye waliachiwa. Wageni wakaondoka. Nani aliendelea kuwafuata sokwe kila siku? Watanzania waliokuwa wasaidizi pale. Kwa hiyo msiniambie kazi hii si yetu.

Kazi yenyewe iko hivi:

1. Orodha ya vitendo. Kila kitendo unakipa maana kabla ya kuanza. "Amekasirika" si data. "Ameonyesha meno" ni data.

2. Kumfuata mmoja. Unachagua mnyama mmoja na kuandika anachofanya kwa muda uliopanga.

3. Kupitia kundi. Kila baada ya dakika kadhaa unaandika kila mmoja anafanya nini.

Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, alizichambua njia hizi kwenye makala yake ya 1974. Bila utaratibu utaandika ugomvi tu, maana ndio unaovuta macho!

Na si lazima porini. Pale SUA, Morogoro, APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hiyo nayo ni sayansi ya tabia.

Kuingia: usianze na mradi wako, vibali vina mlolongo. Omba kusaidia mradi wenye kibali tayari. Soma makala moja ya mhadhiri, kisha mwandikie barua pepe fupi ukitaja saa ulizonazo. Akikubali, uliza mapema: nauli na chakula nani analipa? Data naweza kuzitumia kwenye ripoti yangu? Jina langu litatajwa? Usione haya, wengi wamekusanya data wakasahaulika.

Wakati unasubiri, fanya mazoezi na kunguru wa chuoni. Andikeni wawili bila kuchunguliana, halafu mlinganishe. Mkipishana sana, rekebisheni orodha.

Aliyewahi kufanya kazi hii atupe uzoefu kwenye maoni.