Ukuta ni wa Nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, na kila mara lawama humwangukia mtu yuleyule: mwenye nyumba mzembe, aliyeuona ufa akaupuuza. Fundi haulizwi chochote. Hakuna anayetaka kujua saruji ilikuwa kiasi gani na mchanga kiasi gani, wala nani alipita kukagua kabla ukuta haujapakwa rangi.

Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliuliza. Sheria zake, zilizochongwa kwenye jiwe jeusi karibu miaka 3,750 iliyopita, leo ziko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Wengi huishia kunukuu hapo, kwa sababu damu inasisimua. Lakini mbele kidogo kuna sheria iliyo kimya zaidi: ukuta ukianza kuinama kwa sababu kazi haikufanywa ipasavyo, mjenzi auimarishe kwa fedha zake mwenyewe.

Ni sheria nzuri, ila inategemea jambo moja: mjenzi awepo. Katika mji wa kale, ambako watu walijuana kwa majina na kwa baba zao, hilo halikuwa gumu sana. Je, mjenzi akiwa kampuni, na kampuni hiyo ikafungwa mwezi mmoja baada ya kukabidhi funguo?

New Zealand ililijua jibu kwa uchungu. Sheria ya Ujenzi ya mwaka 1991 ililegeza masharti: badala ya kumwelekeza mjenzi hatua kwa hatua, ilitaja matokeo yanayotakiwa na kumwachia njia ya kuyafikia. Wakaguzi binafsi wakaruhusiwa kufanya kazi iliyokuwa ya halmashauri. Miaka hiyohiyo mtindo wa nyumba ulibadilika. Kuta zilifunikwa kwa plasta laini isiyo na mwanya, mapaa yakakosa upenu wa kuikinga mvua, na fremu zikatengenezwa kwa mbao za msonobari ambazo hazikutiwa dawa. Maji yaliyopenya hayakuwa na pa kutokea. Mbao zikaoza ndani ya ukuta huku nje nyumba ikipendeza kama picha ya tangazo.

Hapo methali yetu inakwama. Hapakuwa na ufa wa kuziba. Familia nyingi zilianza kugundua kwa harufu ya ukungu, au kwa zulia lililolowa pembeni mwa chumba.

Mwaka 2002 jopo lililoongozwa na Don Hunn lilieleza kwamba kosa halikuwa la mtu mmoja. Mfumo mzima ulikuwa umevuja: wasanifu, wajenzi, watengenezaji wa vifaa, wakaguzi na watunga kanuni. Mwaka 2009 makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali yalitaja nyumba zipatazo 42,000 na gharama ya dola za New Zealand bilioni 11.3.

Nani alipe? Kampuni nyingi za ujenzi zilikuwa zimekwisha kufungwa, na wakaguzi binafsi walikosa bima wakaacha kazi. Zikabaki halmashauri. Mwaka 1996 Baraza la Faragha la London, ambalo wakati huo bado lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa New Zealand, lilikuwa limethibitisha kwamba halmashauri ikikagua kwa uzembe inawajibika kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo kila aliyeshtaki alilenga kwenye halmashauri, na pale washtakiwa wengine walipokosa fedha, yenyewe ilibeba na mzigo wao. Fedha za halmashauri, tukumbuke, ni kodi za majirani.

Serikali ilifungua utaratibu maalumu wa madai, kisha mwaka 2011 ikaleta mpango wa kugawana: serikali 25%, halmashauri 25%, mwenye nyumba 50%. Anayekubali aliacha haki ya kuwashtaki hao wawili. Na nyumba iliyopitisha miaka kumi ilikuwa nje, hata kama uozo ulianza siku ya kwanza. Waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Mtu ambaye bado analipa mkopo wa nyumba inayooza ataitoa wapi nusu ya pili?

Ufaransa ilikuwa imechagua njia nyingine. Kanuni ya sheria ya kiraia ya 1804 ilimfunga mjenzi kwa kazi yake kwa miaka kumi. Sheria ya mwaka 1978 ikaongeza kwamba bima inunuliwe kabla ya ujenzi kuanza. Kasoro kubwa ikitokea, bima inalipa ukarabati kwanza, kisha bima yenyewe inamfuata mwenye kosa. Gharama ipo, nayo inaingia kwenye bei ya nyumba. Lakini anayesubiri hukumu mahakamani ni kampuni ya bima, wala si familia yenye watoto wanaokohoa.

Kwetu, Tanzania ina bodi ya kusajili makandarasi na Kenya ina mamlaka ya taifa ya ujenzi. Usajili unatueleza mjenzi ni nani. Peke yake haumrudishii mtu fedha. Na kijana anayejenga kidogokidogo, tofali kwa tofali, mara nyingi mkataba wake na fundi ni salamu na malipo ya awali. Kabla ya kumwambia azibe ufa, tumuulize kama ana karatasi yoyote inayosema ufa ukitokea utazibwa kwa fedha za nani.