2,147,483,647: Namba itakayofika kikomo alfajiri ya Januari 2038

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha pamoja mbili 31, kisha kuondoa 1.

Kwanza, ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Uthibitisho wa Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Basel, Uswisi, ulichapishwa mwaka 1772. Hakulazimika kujaribu kila namba. Kama kingekuwapo kigawanyo kingine, kimoja kingekuwa chini ya 46,341, ambacho ndicho kipeuo cha pili kwa makadirio. Tena, kigawanyo chochote kilicho tasa kingelazimika kubakiza 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248. Orodha ndefu ikawa fupi.

Pili, huzaa namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6, ambayo ni 1, 2 na 3 zikijumlishwa. Ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane.

Tatu, katika lugha ya kompyuta huandikwa kwa tarakimu 1 mara 31. Mitambo mingi huhifadhi namba katika nafasi 32, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Kwa hiyo hiki ndicho kikomo chake cha juu. Mwaka 2014, wimbo wa «Gangnam Style» uliulazimisha mtandao wa YouTube kupanua kihesabio chake cha watazamaji.

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Hapa Bujumbura itakuwa saa kumi na moja, dakika 14 na sekunde 7 alfajiri. Sekunde inayofuata, mtambo usiorekebishwa utaruka hadi upande wa hasi na kusoma tarehe 13 Desemba 1901, zaidi ya miaka 60 kabla ya uhuru wa Burundi.

Athari hazingoji siku hiyo. Familia ya Mutanga Sud iliyosaini mwaka 2025 mkopo wa nyumba wa miaka 15 italipa hadi 2040, na tarehe hiyo huandikwa katika daftari la benki tangu siku ya kwanza. Mtambo wa zamani waweza kuuona mkopo huo kuwa umekwisha kabla haujaanza.

Tiba inajulikana: kuhamia nafasi 64, zinazotosha kwa takriban miaka bilioni 292. Simu na kompyuta nyingi mpya zimekwisha kuhama. Vinavyohitaji kukaguliwa mapema ni vifaa vya zamani vinavyofanya kazi kimyakimya bila kusasishwa, pamoja na kumbukumbu zilizohifadhiwa kwa mtindo huo.