Somo juu ya kalendari: siku kumi zilizoondolewa



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, watu humwuliza katekista: «Noeli haihami, ni tarehe 25 Desemba daima. Mbona Pasaka huhamahama, mara Machi, mara Aprili?» Swali hilo ni jema. Jibu lake lina historia ndefu, na ndani yake mna siku kumi ambazo katika mji wa Roma hakuna mtu aliyezaliwa wala aliyekufa.

Wazee wetu walihesabu wakati kwa mwezi na kwa mvua. Lugha yetu yenyewe yashuhudia: mwezi ni jina la taa ya usiku, na tena ni jina la siku thelathini. Lakini miezi kumi na miwili ya angani hufanya siku 354 tu, na mzunguko wa majira huhitaji siku 365 na saa sita, kasoro dakika kumi na moja hivi. Afuataye mwezi peke yake, majira humponyoka: baada ya miaka michache mwezi wa kupanda humwangukia wakati wa kiangazi.

Waroma wa kale walipata taabu hiyo hiyo. Mwaka wao ulikuwa na siku 355, na makuhani wao wa kipagani waliongeza mwezi mzima walipoona vema, pengine ili kumfaa rafiki mwenye cheo. Basi Julius Caesar, akishauriwa na Sosigenes, mjuzi wa Aleksandria, aliurefusha mwaka 46 kabla ya Kristu hata ukawa na siku 445. Tangu mwaka uliofuata aliagiza siku 365, na siku moja zaidi kila mwaka wa nne. Kwa jina lake twasema Julai, na kwa jina la Augustus aliyemfuata twasema Agosti. Septemba maana yake ni wa saba, ingawa kwetu ni mwezi wa tisa, kwa kuwa zamani Waroma walianza mwaka katika Machi.

Yezu alikufa na kufufuka katika siku za Pasaka ya Wayahudi, nayo hufuata mwezi. Mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nisea, katika nchi iitwayo leo Uturuki, wakataka Wakristu wote waadhimishe Pasaka Dominika moja. Desturi ikathibitika hivi: itazamwe tarehe 21 Machi, ambapo mchana na usiku hulingana, ungojewe mwezi mpevu wa siku hiyo au wa baadaye, Dominika inayofuata ndiyo Pasaka. Kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili.

Mwaka 525 mmonaki Dionysius, akitengeneza huko Roma orodha ya siku za Pasaka, alikataa kuhesabu kwa miaka ya mfalme Diocletian, mtesi wa Wakristu. Akahesabu tangu kuja kwake Bwana wetu, nasi tungali twahesabu hivyo. Wataalamu wengi huona kwamba alipungukiwa miaka michache, kwa kuwa Herode, aliyewaua watoto wa Betlehemu, alikufa mwaka 4 kabla ya hesabu hiyo.

Sasa turudie zile dakika kumi na moja. Ni kitu gani? Mama huzimaliza akisonga bugali. Lakini Caesar alihesabu saa sita kamili, na dakika hizo zikajikusanya mwaka kwa mwaka, hata kila miaka 128 ikazaa siku nzima ya uwongo. Katika karne ya 16 mchana na usiku vililingana tarehe 11 Machi, wala si tarehe 21. Wakristu wakawa wafunga Kwaresima na kuimba Aleluya kwa siku zisizo zake.

Dawa ilitoka kwa mganga kweli, Luigi Lilio wa Calabria. Alikufa mwaka 1576 kabla ya kuiona kazi yake imepokelewa; ndugu yake ndiye aliyeipeleka Roma. Padri Christopher Clavius, Myezuiti, akaieleza na kuitetea. Tarehe 24 Februari 1582 Papa Gregori XIII akatoa amri: baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba, kesho yake iwe Ijumaa tarehe 15. Angalieni vizuri: tarehe ziliruka, juma halikuruka. Hakuna Dominika iliyoibiwa mtu.

Usiku ule ule Mtakatifu Teresa wa Avila alikata roho huko Hispania. Alikufa tarehe 4, akazikwa kesho yake, tarehe 15. Ndiyo maana twamkumbuka tarehe 15 Oktoba.

Italia, Hispania, Ureno na Polandi zilitii mara moja. Waprotestanti wengi walikataa, si kwa kuwa hesabu ilikuwa mbaya, bali kwa kuwa ilitoka Roma. Uingereza ilingoja hata 1752, Urusi hata 1918. Tusiwacheke upesi, kijijini pia neno la kweli likitoka kinywani mwa jirani tusiyempenda, hukaa nje mlangoni siku nyingi. Waortodoksi, walioko pia kwetu Kongo, wengi wao hufuata hesabu ya zamani kwa Pasaka, hata mara nyingi tunafurahi siku mbalimbali. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Nisea, wote waliiadhimisha tarehe 20 Aprili.

Ninyi mkaao karibu na ikweta, kama watu wa Kisangani, mwaweza kujionea. Tarehe 21 Machi simikeni mti ulionyoka mahali peupe. Jua likifika juu kabisa, kivuli chake karibu kitoweke.

Tena Papa Gregori aliagiza kwamba mwaka wa kufunga karne usiwe mrefu, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Hivyo 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa, na 2100 hautakuwa na tarehe 29 Februari. Watoto wanaobatizwa siku hizi, wakijaliwa uzee, wataona Februari hiyo ikiishia tarehe 28.